Friji si sharti: insulini, jua la Lodwar na swali moja la ndiyo au hapana

Najua nimekuwa kimya, na wengine wenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimehama Eldoret. Sijahama. Niko hapa hapa Kapsoya, na baridi yetu ya asubuhi ni ile ile mnayoijua. Nilikuwa Lodwar kwa wiki tatu kikazi. Leo nitaandika juu ya sukari yangu, lakini msikimbie, kwa sababu programu za kompyuta nazo zimo.

Kwa wale wageni: nina kisukari cha aina ya kwanza, tangu nikiwa na miaka 19. Maana yake ni kwamba kongosho langu halitengenezi insulini, kwa hiyo najidunga kila siku, mara nne. Bila insulini mtu kama mimi hafikishi hata mwezi, na mara nyingi ni siku chache tu kabla hajalazwa. Kabla ya Januari 1922, wakati kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipodungwa insulini kule Toronto akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo, ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Nalitaja hilo ili ujue kwamba ninapozungumzia kachupa kadogo ka mililita 10, sizungumzii dawa ya mafua.

Sasa kazi ilikuja hivi. Mteja mmoja (jina nalihifadhi) alitaka mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uwekwe katika zahanati kadhaa za Turkana, na mtu akae huko mpaka wahudumu wauzoee. Nilipomwambia mama, hakunizungushia maneno.

"Mwanangu, hiyo dawa yako inakaa kwenye friji. Huko Lodwar friji utaitoa wapi? Na ikiharibika je?"

"Mama, nitapanga."

"Panga kwanza, halafu ndiyo uniambie unakwenda."

Alikuwa na haki. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, Lodwar karibu mita 500. Ukishuka kutoka Kitale kupitia Kapenguria na Marich, unalisikia joto likipanda kama mtu anafungua mlango wa tanuri polepole. Hapa Kapsoya mchana wa kawaida ni nyuzi 24 hivi. Lodwar nyuzi 35 ni jambo la kila siku. Tena hakuna ujanja wa kurudi nyumbani kuchukua chupa nyingine, maana ni zaidi ya kilomita 350.

Basi nikafanya kile ninachofanya programu ikigoma: nikasoma maelekezo mpaka mwisho, halafu nikapima mwenyewe.

Maelekezo yanasema hivi. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ukishaifungua, unaweza kukaa nayo nje ya friji, kwa aina nyingi chini ya nyuzi 25 au 30 (soma karatasi iliyo ndani ya boksi lako), kwa muda wa siku 28 hivi. Aina nyingine zinaruhusiwa siku zaidi. Isiganddishwe kamwe, isikae juani. Sababu ni kwamba insulini ni protini, minyororo miwili yenye jumla ya amino asidi 51 iliyokunjwa kwa namna maalumu. Joto huufungua ule mkunjo kidogo kidogo, halafu vipande vinaanza kushikana. Barafu nayo huuharibu, na huko hakuna kurudi nyuma. Ukiiyeyusha haiwi ile tena.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa Eldoret wanalisahau. Kwetu hatari kubwa si chumba, ni friji. Chupa niliyoifungua ikikaa kwenye rafu ya vitabu hapa Kapsoya iko salama kabisa, nyumba zetu zenyewe ni nusu friji. Lakini ukiiweka nyuma kabisa ya friji, karibu na sehemu ya barafu, utaikuta imeganda. Weka mlangoni au kwenye rafu ya katikati.

Lodwar mambo yanageuka. Na hapo ndipo nilipokutana na utafiti ambao nautaka kila mtu wa Kenya mwenye kisukari aujue. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walikwenda kupima joto ndani ya nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, kule Dadaab. Wakakuta linacheza kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wakairudia hali hiyo hiyo maabara, joto likipanda na kushuka kila siku kwa wiki nne, wakaweka ndani aina mbalimbali za insulini. Matokeo yalitoka Februari 2021: nguvu ya insulini ile haikupungua kuliko ile iliyokaa kwenye friji. Baadaye, mwaka 2023, jopo la Cochrane lilikusanya tafiti za aina hii na kusema kwamba baadhi ya insulini za binadamu ambazo hazijafunguliwa zinaweza kukaa hadi miezi sita kwenye nyuzi 25, na hadi miezi miwili kwenye nyuzi 37, bila kupoteza nguvu kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa.

Usinielewe vibaya. Hiyo haina maana utupe friji yako, wala haina maana uache insulini kwenye dashibodi ya matatu, ambako jua hupandisha joto mbali kupita 37. Ina maana kwamba asiye na friji hajahukumiwa.

Nikatengeneza kifaa cha kupimia. Wapenzi wa vifaa, hapa ndipo penu: Arduino moja, vihisi joto vitatu vya DS18B20, kadi ya kumbukumbu, na pawabenki ya kawaida. Kila dakika kumi kinaandika mstari mmoja: saa, joto la kivulini nje, joto la chumbani, joto la ndani ya mtungi. Mtungi? Ndiyo, mtungi. Nilinunua vyungu viwili vya udongo sokoni, kimoja kikubwa na kimoja kinachoingia ndani yake, nikajaza mchanga katikati na kuulowesha maji, juu nikafunika kwa kitambaa kibichi. Ni mbinu ya kale. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, ndiye aliyeieneza upya miaka ya 1990 kwa ajili ya kuhifadhi mboga, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Bibi zetu nao walijua maji ya mtungini yana ubaridi wake, ila hawakupewa saa.

Inafanyaje kazi? Maji yanapogeuka kuwa mvuke yanachukua joto pale yalipo. Lita moja ikikauka inaondoka na karibu kilojuli 2,400. Kwa hiyo kadiri hewa ilivyo kavu, ndivyo mtungi unavyopoa. Hewa ikiwa nyuzi 36 na unyevu asilimia 30, hesabu inaonyesha maji yanaweza kushusha joto mpaka karibu nyuzi 23, huo ndio mwisho wake. Lakini chukua siku ya Mombasa, nyuzi 32 na unyevu asilimia 75: mwisho wake ni karibu nyuzi 28. Kwa hiyo ndugu zangu wa Pwani, mtungi utawasaidia kidogo tu. Ndugu zangu wa Turkana, Garissa na Bonde la Kerio, huu ni wenu.

Safarini nilitumia themosi ya mdomo mpana iliyosuuzwa kwa maji baridi, insulini ikiwa imefungwa kwenye taulo dogo ili isiguse kipande cha barafu. Themosi haikwenda kwenye buti la gari. Ilikaa mapajani mwangu kutoka Eldoret hadi Lodwar, na yule abiria wa pembeni akaniomba chai mara mbili.

Kifaa kilifanya kazi siku zote 21. Mchana mkali wa wiki ya pili kihisi cha nje kilisoma nyuzi 37, chumbani 34, mtungini 26. Usiku mtungi ulishuka hadi 23. Kazi yangu ilikuwa kuongeza maji asubuhi na jioni na kuuweka pale upepo unapopita, mbali na jua. Hakuna umeme, hakuna betri, hakuna kinachoharibika ila ukikipiga teke.

Nilichojifunza kwa mwili wangu, lakini, ni kwamba kuilinda chupa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni wewe mwenyewe. Joto hutanua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi, na insulini uliyojidunga inaingia kwenye damu upesi kuliko ulivyozoea. Dozi ile ile, chakula kile kile, sukari inashuka zaidi. Upande mwingine, ukikosa maji mwilini, sukari kwenye damu inazidi, na sukari ikizidi unakojoa zaidi, na ukikojoa zaidi unazidi kukauka. Ni mzunguko usio na mwisho, na waandishi wa programu mnajua mzunguko wa namna hiyo unavyomaliza mashine.

Usiku wa tatu umeme ulikatika na feni ikasimama. Saa nane usiku niliamka nimelowa jasho, moyo unakwenda mbio. Ungesema ni joto, na mtu yeyote Lodwar usiku ule alikuwa na jasho. Lakini jasho na moyo kwenda mbio ndizo dalili za sukari kushuka pia. Nina sharti moja ambalo silivunji: jasho si ushahidi, kipimo ndicho ushahidi. Nikapima kwa mwanga wa simu. 3.1. Chini ya 4 ni hatari. Nikanywa nusu ya soda ya mililita 300, ambayo ni kama gramu 15 za sukari, nikakaa kitako nikisubiri dakika 15, nikapima tena: 4.6. Ndipo nikala biskuti na kulala. Asubuhi nilimpigia daktari wangu Eldoret, akanipunguzia dozi ya usiku kwa muda nitakaokuwa huko, na niliporudi tukairudisha.

Kama ningesema "ni joto tu" na kugeuka upande wa pili, sijui mngekuwa mnasoma nini leo.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Mfumo niliokwenda kuweka umejengwa juu ya OpenMRS, na sisi wa Eldoret tuna haki ya kujivuna kidogo hapo. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na hapa, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Mahitaji ya mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka huo huo wa 2001 kwa ajili ya VVU na baadaye ukaongeza kisukari na shinikizo la damu, yalipozidi uwezo wa mifumo ya awali, ndipo wazo la OpenMRS likazaliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 likaanza kutumika hapa Eldoret. Leo linatumika katika nchi nyingi za dunia.

Katika orodha ya mahitaji niliyopewa na mteja, fomu ya kisukari ilikuwa na swali: "Je, mgonjwa ana friji nyumbani?" Ndiyo au hapana. Chini yake kanuni: kama ni hapana, mfumo usiruhusu kuandikiwa insulini ya kwenda nayo nyumbani. Mgonjwa aje kudungwa zahanati.

Kwenye karatasi inaonekana ni tahadhari. Zahanatini niliiona ikiwa na miguu. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto wa miaka kumi hivi, aina ya kwanza kama mimi. Walikuwa wanakuja asubuhi kudungwa, wanakaa chini ya mti mpaka jioni, wanadungwa tena, wanarudi nyumbani. Kila siku. Mtoto hakuwa anasoma. Mama hakuwa anafanya kazi. Nilimuuliza, kwa heshima, kwa nini hawajaanza kudunga nyumbani.

"Walituuliza kama tuna friji," akasema. "Nikacheka tu. Hata umeme hatuna."

Kule Dagahaley, kabla ya utafiti ule, wagonjwa wasio na friji walikuwa wakienda hospitali kila siku vivyo hivyo kwa sababu hiyo hiyo. Na mimi ndiye niliyekuwa nimepewa kazi ya kuiandika kanuni hiyo kwa msimbo, ili hata muuguzi mwenye huruma asiweze kuipita. Mimi mwenyewe, ambaye insulini yangu wakati huo ilikuwa kwenye chungu.

Mimi si daktari, na sikutaka kubadilisha kanuni ya tiba kimya kimya kwa sababu tu nina nywila ya seva. Nilimfuata afisa wa kliniki anayesimamia fomu ile, nikamwekea mezani vitu vitatu: muhtasari wa utafiti wa 2021, ule wa 2023, na jedwali la siku kumi kutoka kwenye kifaa changu. Alisoma polepole, akauliza maswali magumu. Je, na wale wasiojua kusoma tarehe? Je, mtungi ukikauka? Je, insulini iliyoharibika huonekana kwa macho? (Ile iliyo angavu ikigeuka mawingu au kuwa na chembechembe, itupwe. Ile ya mawingu kwa asili yake ikibaki na mabonge hata baada ya kuzungushwa, itupwe. Lakini inaweza kupungua nguvu bila kubadilika sura, ndiyo maana kupima sukari hakukwepeki.) Mwishoni akasema, "Kijana, mimi pia nilikuwa naona haya kuwauliza hilo swali." Akalipeleka kwa wakubwa wake, nao wakajadiliana siku nne.

Swali likabadilishwa. Uzuri wa OpenMRS ni kwamba maswali hukaa kwenye kamusi ya dhana, si ndani ya msimbo, kwa hiyo kubadilisha hakukuhitaji kuandika upya programu. Sasa linauliza: "Insulini itahifadhiwa wapi?" Majibu ni friji, mtungi wa udongo, kwa jirani au dukani, na pengine. Hakuna jibu linalofunga mlango. Jibu lolote lisilo friji linafungua mambo mawili: somo fupi la mtungi, na chupa chache kwa wakati mmoja badala ya za miezi mitatu. Tarehe ya kufungua chupa inaingizwa, mfumo unahesabu siku 28, na karatasi inachapishwa yenye miezi ya kukata kwa kalamu, siku moja mstari mmoja, kwa asiyesoma.

Kwa wale watakaosafiri kwenda sehemu za joto na ugonjwa huu, muhtasari wangu ni huu:

1. Gawa insulini mara mbili, isiwe yote kwenye mfuko mmoja. Chukua ya ziada.
2. Pima mara nyingi zaidi wiki ya kwanza, na ongea na daktari wako juu ya dozi kabla ya kuondoka.
3. Linda stripu na kipima sukari pia. Vingi hufanya kazi kati ya nyuzi 10 na 40. Kopo la stripu lifungwe daima.
4. Angalia kipimo chako kinasoma kwa milimoli au miligramu. 1 ya milimoli ni 18 ya miligramu. Ukiazima kipimo cha mtu, hili linaweza kukuponza.
5. Kunywa maji kabla ya kiu. Soda ni dawa ya sukari kushuka, si ya kiu.
6. Vaa viatu. Ganzi ya miguu na mchanga wa moto ni vidonda usivyovisikia vikianza.

Mtungi wangu niliuacha Lodwar, kwa yule mama, kwa idhini ya afisa wa kliniki. Muuguzi alimfundisha mtoto kujidunga mwenyewe kwa siku tano mfululizo, nami nikawa mfano wa maonyesho. Mtoto akacheka alipoona mtu mzima anafinya tumbo lake kama yeye. Wiki iliyopita muuguzi alinitumia ujumbe: vipimo vyake vya asubuhi vinacheza kati ya 6 na 9, si kamili, lakini vimetulia, na amerudi darasani.

Msimbo wa kifaa cha kupimia joto nitauweka hapa wikendi hii, bure, mwenye kuurekebisha aurekebishe. Na kama wewe ni mwandishi wa programu na umepewa fomu yenye swali la ndiyo au hapana, muulize aliyeiandika: yule atakayejibu hapana, anakwenda wapi?

Haya, tuonane wiki ijayo, tukirudi kwenye hifadhidata.